Mgeni siku ya tatu mpe jembe: Kujitolea katika nchi ya ugenini

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeifanya ardhi yake kuwa pana ili waja wake watembee humo na kutafuta fadhila zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeondoka Makka, mji aliozaliwa, akaijenga Madina pamoja na Maswahaba wake.

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo linalozigusa familia nyingi, ingawa ni nadra kulisikia mimbarini. Nalo ni hali ya ndugu yetu aliyehamia nchi nyingine. Huenda riziki amekwisha kuipata, au bado anaihangaikia, lakini kuna kitu kimoja ambacho mshahara haukinunui: kuhitajiwa na watu anaoishi miongoni mwao. Ili tufahamiane vizuri, tutaanza safari yetu hapa nyumbani, Gonja, kisha tutavuka mipaka.

Mferejini Gonja

Msafiri anayetoka Same mjini kwa njia ya Kisiwani huwa na milima ya Upare mkono wake wa kulia na mbuga ya Mkomazi mkono wa kushoto, mpaka afike Gonja Maore, na mbele yake Ndungu na Kihurio. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka Pangani na Tanga ilipita tambarare hii, na Uislamu nao ukaja kwa nyayo za wapita njia wale. Basi hata dini yetu tuliletewa na wageni. Jambo hili tusilisahau tunapozungumzia ugeni.

Maisha ya watu wa Upare yamejengwa juu ya maji yanayoshuka kutoka milimani. Wazee walichimba mifereji na ndiva, yaani mabwawa madogo yanayojazwa maji usiku na kufunguliwa mchana ili kila shamba lipate zamu yake. Mfereji hauna mshahara. Matope yanapoujaza, hutangazwa msaragambo, na kila kaya hutoa mtu na jembe lake. Asiyefika bila udhuru hutozwa faini. Kwa msaragambo huohuo watu wametengeneza barabara, wamefyatua matofali ya shule na kujenga nyumba za ibada.

Sasa mtazame mtu aliyehamia kijijini: mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka Kigoma, au bibi harusi aliyeolewa kutoka Lushoto. Anaweza kukaa miezi akiitwa "yule mgeni". Lakini siku anapoonekana mferejini na jembe begani, matope yakiwa yamemfika magotini, ndiyo siku watu wanapomuuliza jina lake, jina la baba yake na afya ya mama yake. Kesho yake akiugua, watamjia.

Waswahili wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huichukua methali hii kama maneno ya kumchoka mgeni. Sisi tunaona ina maana ya juu zaidi. Mtume (S.A.W.) alitufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba haki ya ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Baada ya siku hizo, mtu anayeendelea kukaa mkekani akiletewa chakula hubaki mpokeaji tu. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mmoja wa wenyeji.

Aliye mbali bila jembe

Tumfikirie sasa kijana wa Gonja aliyehamia Leicester, Minneapolis au Muscat. Nyumbani aliitwa kwenye kila shughuli. Harusi ikiwapo, alibeba viti. Msiba ukitokea, alishika chepeo la kuchimbia kaburi. Huko aliko huenda anafanya kazi ghalani usiku, na elimu yake haitambuliwi na waajiri. Jumamosi inapofika, anakaa chumbani na simu. Nyumbani wanamkumbuka fedha zinapohitajika, na jirani wa mlango wa pili hajui hata jina lake. Mkewe, ambaye Gonja alikuwa nguzo ya kikundi cha akina mama, hutumia siku nzima kutazama mvua dirishani. Watoto wanakua wakimjua baba kwa uchovu wake.

Hii si shida ndogo. Mtu asiyehitajiwa na yeyote hunyong'onyea taratibu, na moyo mtupu ni mlango wa wasiwasi wa shetani. Ndipo baadhi yao huuliza: tunaweza kufanya nini chenye maana katika nchi isiyokuwa yetu, ambako hatuna cheo, hatuna fedha za kutoa, na lugha yenyewe tunaibabaisha? Jibu limo ndani ya Kitabu cha Allah na katika sira ya Mtume wake.

Musa kwenye maji ya Madyan

Katika Suratul-Qasas, kuanzia aya ya 22, Allah (S.W.) anatusimulia habari za Nabii Musa (A.S.) alipokimbia Misri akiihofia roho yake. Alifika Madyan akiwa hana jamaa, hana nyumba wala chakula. Kwenye maji alikuta kundi la watu wakinywesha wanyama wao, na pembeni wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Akawauliza wana jambo gani. Wakamweleza kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea, kisha akajiweka kivulini na kumwomba Mola wake, akikiri kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Tuna mafunzo manne hapa. Kwanza, Musa hakungoja mambo yake yatengemae ndipo asaidie. Pili, aliuliza kabla ya kushika kamba. Hakudhani anajua shida ya watu kuliko wao wenyewe. Tatu, alitoa alichokuwa nacho, nazo ni nguvu za mikono yake. Nne, hakudai malipo, na wala kusaidia hakukumwondolea uhitaji wake. Alirudi kivulini akiwa bado na njaa, akamwelekea Allah. Kheri aliyoiomba ilikuja baadaye: mwaliko, kazi ya miaka minane au kumi, mke na maskani. Lakini alipokuwa akinywesha, hakuyajua hayo. Alinywesha kwa ajili ya Allah.

Salman mchimba handaki

Mfano wa pili ni Salman Al-Farsi (R.A.), mtu wa Uajemi aliyesafiri nchi hadi nchi akitafuta haki, akasalitiwa njiani na kuuzwa utumwani, mpaka akafika Madina. Imam Ahmad amepokea kisa chake kirefu. Bwana wake alikubali kumwacha huru kwa sharti la kupandiwa mitende 300 na kulipwa wakia 40. Mtume (S.A.W.) akawataka Maswahaba wamsaidie ndugu yao. Wakaleta miche, huyu 30, huyu 20, huyu 15, kila mtu kwa uwezo wake. Wakamsaidia kuchimba mashimo, na Mtume (S.A.W.) akaipanda miche ile kwa mkono wake mtukufu. Mtu wa Gonja akisikia habari hii atasema bila kusita: huo ulikuwa msaragambo.

Salman alisaidiwa kwanza. Kisha, mwaka wa 5 Hijria (627), makabila yalipokusanyika kuishambulia Madina, ni yeye aliyetoa rai ya kuchimba handaki, kama walivyofanya watu wa kwao Uajemi. Waarabu hawakuwa na desturi hiyo. Mtume (S.A.W.) aliikubali rai ya mgeni, naye mwenyewe akabeba udongo mpaka vumbi likamfunika tumbo. Imepokewa kwamba Muhajirina na Answari walimgombea Salman, kila kundi likimdai kuwa wake, na Mtume (S.A.W.) akamhesabu kuwa ni wa watu wa nyumba yake. Baadhi ya wanazuoni wa hadithi wameijadili sanadi ya riwaya hii, lakini imekuwa mashuhuri katika vitabu vya sira.

Mtu asiye na kabila Madina aligombewa na makabila. Jembe alilipokea, akalitumia, na maarifa ya nchi aliyotoka yakawa kinga ya nchi aliyohamia. Kwa hiyo mhamiaji asijione kuwa amekuja mikono mitupu.

Kila nchi ina msaragambo wake

Kazi ya kwanza ya mhamiaji ni kuutafuta mfereji wa mahali alipo. Hakuna taifa lisilo na msaragambo, ila majina hutofautiana. Kwa jirani zetu wa Rwanda ni umuganda, unaofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na mgeni anayejitokeza na jembe hupokewa. Ujerumani, nchi tunayoijua kwa mitambo, wazimamoto wake walio wengi ni watu wa kujitolea, wanaoacha kazi zao king'ora kinapolia. Uingereza, shirika la uokoaji baharini la RNLI, lililoanzishwa mwaka 1824, hutegemea zaidi mabaharia wa kujitolea. Na mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipopamba moto, serikali ya nchi hiyo iliomba watu 250,000 wa kusaidia wagonjwa na wazee waliojifungia majumbani. Katika siku chache walijiandikisha zaidi ya 750,000.

Basi mhamiaji asipoteze muda kubuni jambo jipya litakalobeba jina lake. Aulize kama alivyouliza Musa. Aende msikitini amuulize imamu, aende shuleni kwa watoto wake, aende kwa wanaogawa chakula kwa wenye shida, aseme: nina saa tatu kila Jumamosi, wapi mmepungukiwa mtu?

Pili, atazame alichonacho. Wengi hawajui kwamba Kiswahili chao ni hazina. Katika mwaka wa fedha wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, na wengi wa Wakongo wa mashariki huzungumza Kiswahili. Mama aliyetoka kambini na watoto watano, anayepokea barua ya shule asiyoweza kuisoma, anamhitaji mtu wa kumsomea, wa kumwonyesha basi la kwenda sokoni na wa kumfundisha namna ya kuwasha jiko la umeme. Kutafsiri mahakamani au kwa daktari kuna wataalamu wake, na si vema mtu kuingilia asichokiweza. Lakini barua, basi na jiko havihitaji shahada.

Tatu, zipo faradhi za kutosheleza, ambazo wakizifanya baadhi, wengine husalimika, na wote wakiziacha, wote hupata dhambi. Miongoni mwake ni kuosha maiti, kumvika sanda, kumswalia na kumzika. Ugenini, Muislamu anaweza kufa hospitalini bila ndugu. Waliojifunza kazi hii Gonja wakiwa vijana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wana elimu ambayo vijana wengi waliozaliwa mijini huko hawakuipata. Vivyo hivyo kuwatembelea wagonjwa na kuwafundisha watoto Qur'an.

Wala wema huu usiishie kwa Waislamu peke yao. Suratul-Mumtahina, aya ya 8, inatufahamisha kwamba Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa sababu ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Sisi wa Gonja tunalijua hili kwa vitendo: hospitali iliyoko Bombo ni ya Kanisa la Kilutheri, nasi Waislamu tunatibiwa humo. Kumbebea kikapu bibi kizee asiye Muislamu wa ghorofa ya pili ni katika mwendo huo.

Mtu asiidharau kazi ndogo. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu mweusi, ambaye katika baadhi ya riwaya ni mwanamke, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Alipofariki, watu waliliona jambo lake dogo, wakamzika bila kumwarifu Mtume (S.A.W.). Alipomkosa, aliuliza habari zake, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia. Mfagiaji yule hakukosekana moyoni mwa mbora wa viumbe.

Sheria, mipaka na nia

Yapo mambo ya kuchunga. La kwanza ni sheria ya nchi, kwani Muislamu hutimiza ahadi, na viza ni ahadi. Uingereza, kwa mfano, mwomba hifadhi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara ombi lake likiwa bado linasubiri, lakini anaruhusiwa kujitolea katika taasisi za hisani na za umma. Anayetaka kufundisha watoto wa madrasa huko ajiandae kuchunguzwa kumbukumbu za jinai kupitia idara ya DBS, iliyoanza mwaka 2012. Wanaojitolea hawatozwi ada ya uchunguzi huo. Asione amedhalilishwa. Ni hifadhi ya watoto, na ingefaa nasi katika madrasa zetu tuwe na uangalifu kama huo. Katika nchi kadhaa za Ghuba, kukusanya michango bila kibali cha serikali ni kosa, hata kama nia ni njema. Atafute taasisi yenye kibali aingie humo.

La pili ni haki za watu wa nyumbani. Tumrejee Salman. Mtume (S.A.W.) alimuunganisha udugu na Abu Dardaa (R.A.). Salman alipomtembelea alimkuta mke wa Abu Dardaa amejiachia, kwa kuwa mumewe amezama katika ibada, mchana amefunga na usiku amesimama. Salman akamzuia na kumkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alimsadikisha Salman. Ikiwa hata ibada ina mpaka huo, mtu asiwe mfadhili wa mtaa mzima huku mwanawe hana wa kumsomesha juzuu. Afadhali ampeleke mwanawe pamoja naye. Mtoto aliyemwona baba yake akigawa mikate kwa masikini amejifunza somo ambalo mimbari haiwezi kulikamilisha.

La tatu, kujitolea kusiwe mlango wa kudhulumiwa. Mwenye biashara anayemfanyisha mhamiaji kazi ya mwajiriwa na kuiita ya kujitolea anakula jasho la mtu. Na wapo ndugu zetu ambao hatuna haki ya kuwaongezea mzigo. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017 ilieleza taabu za wasichana wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu, kazi za saa nyingi bila siku ya mapumziko. Kwa dada aliye katika hali hiyo, subira yake na swala zake ni jihadi tosha. Wajibu unarudi kwa Watanzania wenye nafasi katika miji ile: wamtafute, wampe namba ya simu ya ubalozi, wamsikilize.

La nne na kubwa kuliko yote ni nia. Suratul-Insan inawasifu wanaowalisha masikini, mayatima na mateka, bila kutaka malipo wala shukurani kutoka kwao. Anayejitolea ili apigwe picha amekwisha kupokea ujira wake. Siku asiyoshukuriwa ataondoka kwa hasira, na mfereji utajaa matope.

Je, sisi tunawapa jembe?

Kabla hatujafunga mada, turudi kijijini, maana ni rahisi kuwausia walio mbali. Gonja nayo inapokea wageni: wauguzi, walimu, vijana wa kutoka Ulaya wanaokuja kujitolea, ambao kisheria huhitaji kibali cha ukaazi daraja C. Jirani zetu wa Ndungu wanakumbuka wataalamu wa Kijapani wa skimu ya umwagiliaji ya miaka ya 1980. Je, tunawaita wageni hawa mferejini, au tunawaweka kwenye viti vya mbele na kuwaomba fedha? Na yule mke wa mwanetu aliyetoka mkoa mwingine, anayesema Kipare kwa kukosea, tunamcheka au tunamwachia sehemu ya kushika jembe?

Wazazi nao, wanapompigia simu mtoto aliye ng'ambo, wasimuulize fedha peke yake. Wamuulize: mwanangu, huko uliko nani anakuhitaji? Ukikosekana Jumamosi, nani atakuulizia? Akikosa jibu, wamuusie aende kwenye maji ya mji ule, awatazame waliosimama pembeni, awaulize wana jambo gani.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi ndugu zetu walio ugenini, awape kazi yenye kheri kwa mikono yao na wepesi katika mambo yao, na atujaalie sisi tuliobaki kuwa Answari kwa kila anayehamia kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.